Wakulima Wadogo wa Dodoma Wanavyousoma Msimu wa Mvua

Mkoa wa Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, wenye wastani wa takriban milimita 500 hadi 600. Mkulima mdogo, hata hivyo, hapimi msimu kwa jumla hiyo. Kwake yapo mambo mawili: mvua imeanza lini, na imekatika kwa siku ngapi katikati ya msimu, hususan Februari. Ukame wa wiki mbili au tatu wakati mahindi yanachanua huweza kuangamiza mavuno, ingawa kipimo cha mvua kitaonesha mwaka wa kawaida.

Ndiyo maana wengi hupanda uwele na mtama wa muda mfupi, au hupanda kwa awamu. Katika kijiji cha Chololo huchimbwa mashimo madogo yanayohifadhi maji karibu na mizizi.

Mtama nao una gharama isiyozungumzwa vya kutosha: kweleakwelea. Kaya isiyo na watu wa kuamia ndege mara nyingi hurudi kwenye mahindi, ikiijua vyema hatari yake.