Tumeshinda, Wamefungwa: Sayansi ya Jumamosi ya Mechi Chuoni Marekani

Alhamisi moja nilirudishiwa karatasi ya mtihani wa takwimu: 41 kati ya 100. Sikumwambia mtu. Ijumaa sikutoka chumbani. Jumamosi jioni nilikuwa narudi nyumbani sina sauti, nimechorwa rangi shavuni, naongea na nyumbani kwa simu huku napiga kelele: "Tumeshinda! Tumewafunga!"

Dada yangu akauliza, nani kawafunga nani. Nikaanza kueleza, nikakwama. Sikuwa nimecheza. Sikujua jina la mchezaji hata mmoja. Sheria za mchezo wenyewe nilikuwa nimefundishwa asubuhi ile ile. Hiyo "tu-" ilitoka wapi?

Jibu lipo kwenye utafiti wa mwaka 1976, nami nitalifikia. Ila kwanza twende uwanjani, maana siku yenyewe usipoiona hutaelewa kwa nini mtu mzima anapagawa.

Futiboli ya Marekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, ilianzia vyuoni. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza baina ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers wakaifunga Princeton 6 kwa 4. Hadi leo viwanja vikubwa kabisa vya mchezo huu si vya timu za kulipwa, ni vya vyuo vikuu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliofunguliwa mwaka 1927, una nafasi 107,601. Penn State wana uwanja wa watu zaidi ya 106,000 kwenye mji ambao wakazi wake ni kama 40,000. Linganisha na Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam, ambao Simba na Yanga wakikutana tunasema nchi imesimama: unaingiza watu 60,000.

Na siku haianzi na mechi. Mechi yetu ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, lakini saa mbili asubuhi maegesho yote ya chuo yalishajaa magari yamefunguliwa milango ya nyuma. Majiko ya mkaa, mahema, viti vya kukunja, bia kwenye barafu, watoto wanarusha vifuko kwenye ubao wenye tundu. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee mstaafu ambaye kwa miezi miwili alikuwa akiniitikia salamu kwa kichwa tu, aliniona nimevaa fulana ya chuo (niliivaa kwa sababu nguo zingine zilikuwa chafu, Mungu anisamehe), akaniita kwa mkono, akanipa soseji na kiti. Tulikaa saa tano. Ndiye aliyenifundisha sheria, kwa kupanga chupa za soda juu ya meza.

Kuna jambo alilonieleza ambalo kwa mtu aliyekulia kwenye soka linashangaza. Sisi timu yetu ikishambulia, tunaimba. Kule, timu yako ikiwa na mpira unanyamaza. Unapiga kelele pale adui anaposhambulia. Sababu ni hii: kila shambulio linaanza kwa mpangilio. Mrushaji mkuu anawapigia wenzake kelele za ishara, nao wanapaswa kukaa tuli mpaka mpira uondoke chini. Wasipomsikia, mmoja atatikisika mapema, na hiyo ni adhabu ya yadi 5. Yaani kelele za jukwaani zinaweza kumrudisha adui nyuma bila beki kumgusa. Texas A&M wamelifanya hili kama dini: wanafunzi wao wanasimama mechi nzima na wanajiita mtu wa 12, kwa kumbukumbu ya mechi ya mwaka 1922 ambapo mwanafunzi mmoja, E. King Gill, aliitwa kutoka jukwaani akavaa jezi na kusimama pembeni tayari kuingia, kwa kuwa wachezaji walikuwa wanaisha kwa majeraha. Hakuingia. Alisimama tu, na huko kusimama ndiko kunakokumbukwa.

Sasa fizikia kidogo, usikimbie.

Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki ni cha kuzidisha, si cha kujumlisha. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti imekuwa mara 10. Ndiyo maana ukichukua uwanja wa watu 50,000 wanaopiga kelele ukaongeza 50,000 wengine wa aina ile ile, unapata nyongeza ya desibeli 3 tu. Kila mmoja anapiga kelele kivyake. Mawimbi yanagongana, mengine yanaongezana, mengine yanafutana. Kwa sauti, basi, umbo la uwanja na paa vinaweza kuwa na maana kuliko wingi wa watu. (Masikio nayo yana hesabu yake. Kwa mwongozo wa taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, desibeli 85 unavumilia saa 8, na kila 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwenye 100 una dakika 15. Mechi inachukua zaidi ya saa 3. Nunua viziba masikio, vinauzwa bei ya peremende.)

Lakini hesabu inabadilika watu wakifanya kitu kwa wakati mmoja. Watu 100 wakirukaruka ovyo, mtikisiko wao unafanana na wa watu kama 10 hivi wanaoruka pamoja, kwa sababu wengine wanatua huku wengine wanapaa. Wakitua wote kwa mpigo mmoja, ni mtikisiko wa watu 100 kamili. Mfano maarufu ulitokea Baton Rouge, Louisiana, tarehe 8 Oktoba 1988. LSU walikuwa nyuma 6 kwa 0 dhidi ya Auburn, zimebaki chini ya dakika 2, wako kwenye jaribio la nne na la mwisho. Tommy Hodson akarusha, Eddie Fuller akadaka ndani ya eneo la mwisho. Mechi ikaisha 7 kwa 6. Kwenye jengo la jiolojia la chuo, kama mita 300 kutoka uwanjani, mashine ya kupima matetemeko ilichora mstari. Hapakuwa na tetemeko. Walikuwa ni watu wapatao 79,000 walioruka katika sekunde moja. Mpaka leo mechi ile inaitwa Mechi ya Tetemeko.

Basi huo mpigo mmoja haubaki kwenye zege. Unaingia mwilini.

Mwaka 2022 watafiti, akiwemo Dimitris Xygalatas wa Chuo Kikuu cha Connecticut, walichapisha kazi waliyofanya na mashabiki wa mpira wa kikapu. Waliwavisha vipima mapigo ya moyo, wengine wakiwa ukumbini, wengine wakiangalia kwenye televisheni na wenzao wachache. Mechi ni zile zile, pointi ni zile zile. Ila mioyo ya waliokuwa ukumbini ilipanda na kushuka pamoja kuliko ya wale wa televisheni, na kadiri mioyo ilivyoenda pamoja ndivyo watu walivyosema tukio lile limewagusa na kuwafunga na kundi. Kwa hiyo mtu akikuambia "si uangalie tu kwenye simu", ana haki kuhusu pesa, lakini si kuhusu moyo.

Mwili unajua pia nani kashinda. Mwaka 1998 Paul Bernhardt na wenzake walichapisha matokeo ya kupima mate ya mashabiki wa kiume kabla na baada ya mechi, kundi moja likiwa la watani wa jadi wa jimbo la Georgia: Chuo Kikuu cha Georgia na Georgia Tech. Homoni ya testosteroni ilipanda kwa mashabiki wa walioshinda na kushuka kwa mashabiki wa walioshindwa. Waliokuwa wamekaa tu! Waliona hivyo hivyo kwa watazamaji wa fainali ya Kombe la Dunia ya 1994, Brazil na Italia, kupitia televisheni. Washiriki walikuwa wachache, kwa hiyo usiijenge nyumba juu yake, lakini mwelekeo ulikuwa mmoja mara zote mbili.

Turudi kwenye "tu-" yangu.

Robert Cialdini wa Arizona State na wenzake walifanya jambo rahisi mpaka linaudhi kwamba hukulifikiria wewe. Msimu wa 1973, kwenye vyuo vikuu saba, walituma watu kukaa kwenye madarasa ya saikolojia kila Jumatatu na kuhesabu nani kavaa nguo yenye jina au nembo ya chuo. Timu ikishinda Jumamosi, Jumatatu nguo za chuo zinaongezeka. Kisha wakapiga simu. Walijifanya wanauliza maswali ya maarifa kuhusu maisha ya chuo, halafu bila kujali majibu wakamwambia huyu umefaulu vizuri, yule umefeli. Ndipo wakauliza: hebu nieleze, ile mechi iliishaje? Kwa mechi za ushindi watu walisema "sisi" zaidi kuliko kwa mechi za kushindwa. Na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kwa nani? Kwa wale walioambiwa wamefeli.

Niliposoma hapo niliifunika kompyuta nikatembea kidogo.

Cialdini alikiita kitendo hiki kuota mwanga wa utukufu wa wengine, kama mtu anavyoota jua. Watafiti wa baadaye, C. R. Snyder na wenzake, wakaongeza upande wa pili: timu ikishindwa, mtu anajitenga na aibu. Kiingereza kinahitaji neno zima kufanya hivyo. Kiswahili tunamaliza kwa silabi moja mwanzoni mwa kitenzi. Tumeshinda. Wamefungwa. Kaa kibanda umiza chochote Jumapili ukazihesabu hizo silabi, umepata data ya utafiti bila ruzuku.

Sipendi kuliacha hapa kana kwamba ni burudani tu. Jason Lindo na wenzake walichunguza matokeo ya masomo Chuo Kikuu cha Oregon, na mwaka 2012 wakaonyesha kuwa timu ya futiboli inaposhinda zaidi, alama za wanafunzi wa kiume zinashuka zikilinganishwa na za wa kike. Wanaume walikiri kusoma kidogo na kusherehekea zaidi. Hilo tunaweza kulichekea. La mwaka 2018 haliwezekani kuchekewa: Lindo na wenzake wengine walikuta kwamba siku za mechi za vyuo vikubwa, taarifa za ubakaji zinazofika polisi, ambazo waathirika wana miaka 17 hadi 24, zinaongezeka kwa asilimia 28. Hawakuulaumu mchezo wenyewe, waliutazama unywaji na sherehe zinazouzunguka. Lakini zile sherehe ndizo nilizozisifia aya chache zilizopita, na kiti changu kilikuwa humo humo. Ile hali ya "sote ni sisi" inayomfanya mzee ampe mgeni soseji ndiyo inayomfanya mtu asimtilie shaka aliyevaa fulana ya rangi yake. Wanafunzi wa kike wa maabara yetu walikuwa na kundi la simu la kuhesabiana kila Jumamosi usiku mpaka wa mwisho afike nyumbani. Mimi nililijua baada ya msimu kuisha.

Wiki mbili baada ya ile mechi timu ilifungwa, tena vibaya. Jumatatu nilivaa shati la kijivu. Sikupanga, niliishika fulana ya chuo, nikairudisha. Darasani mwenzangu akauliza kuhusu mechi nikasikia mdomo wangu unasema walicheza ovyo, wale mabeki wao hawakabi. Wao!

Daniel Wann na Nyla Branscombe waliandika mwaka 1990 kuhusu tofauti hii: mashabiki wa damu na mashabiki wa hali ya hewa nzuri. Wale wa damu hawajitengi na timu ikishindwa, au wanajitenga kidogo sana. Siku ile nilimkuta yule jirani anafagia majani mbele ya nyumba. Amevaa koti lile lile la timu. Nikamwambia pole kwa matokeo. Akasema walinzi wetu ni watoto bado, mwakani tutakuwa sawa.

Jioni nilimpigia mjomba wangu Morogoro, mwanachama wa Yanga tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimeshaona matokeo ya dabi mtandaoni, nikaona nimwanze kwa upole.

"Shikamoo mjomba. Nasikia Yanga wamefungwa?"

"Marahaba," akasema. Akakaa kimya kidogo. "Tumefungwa, mwanangu. Huko baridi imeanza?"