Binti, Mama na Safari ya Shujaa wa Kike: Mfano wa Tambudzai

Wahakiki wanapoijadili safari ya shujaa, aghalabu hutegemea kielelezo alichokitoa Joseph Campbell mwaka 1949: shujaa huondoka kwao, hupambana, kisha hurejea na tunu. Mwaka 1990 Maureen Murdock alitoa kielelezo kingine kwa upande wa wanawake. Kwa maoni yake, shujaa wa kike huanza kwa kujitenga na mama, hutafuta sifa katika ulimwengu wa wanaume, na hatimaye hana budi kuuponya uhusiano alioukata. Makala haya yanauliza iwapo kielelezo hicho chatosha kuieleza riwaya ya Kiafrika.

Tuitazame Nervous Conditions (1988) ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe. Tambudzai alilima mahindi ili ajilipie karo. Hata hivyo, mlango wa shule ya misheni haukumfungukia mpaka kaka yake, Nhamo, alipofariki mwaka 1968. Hivyo, mama aliyefiwa na mwana anatakiwa amtoe na binti. Mama analalamika kwamba Uzungu ndio unaowaua wanawe. Binti anayapuuza maneno hayo. Lakini binamu yake Nyasha anapodhoofika kwa kukataa chakula, onyo la mama linaanza kumtia wasiwasi.

Marejeo yenyewe yamo katika This Mournable Body (2018). Tambudzai, sasa mtu mzima, anawapeleka watalii kijijini kwao, na wanawake wa huko, mama yake akiwamo, wanatakiwa kucheza ngoma vifua wazi mbele ya kamera. Shujaa amerudi nyumbani, ila bila tunu yoyote. Amekuja kumwuza mama yake.

Hapa ndipo kielelezo cha Murdock kinapopungukiwa. Kwake yeye, jeraha na tiba yake vimo hasa nafsini mwa binti. Kwa Dangarembga, mama ni mtu kamili: maskini, mfiwa, mwenye hoja juu ya ukoloni. Katika utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 mama ndiye asemaye, na jibu la binti hatulisikii. Katika riwaya hizi msemaji ni binti, na sauti ya mama hutufikia kwa kinywa cha yule aliyemwacha. Basi tunapozifundisha, haitoshi kuhesabu hatua za safari ya binti. Yatupasa pia kuuliza gharama yake ilibebwa na nani.