Anapenda hesabu, anaogopa damu: bado afya inamhitaji

Baba mmoja alinisimamisha kwenye korido ya kliniki, matokeo ya kidato cha nne ya binti yake mkononi. Hisabati A, Baiolojia B. Binti mwenyewe alisimama nyuma yake, kimya.

"Nilitaka awe daktari," akasema, "lakini huyu akiona damu anazimia. Sasa si ndiyo basi tena?"

Hapana. Ipo fani ya hisabati ya baiolojia, na wewe mzazi umeshafaidika nayo, pengine bila kujua.

Chukua malaria. Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari wa jeshi la Uingereza nchini India, aliona vimelea vya malaria vikikua ndani ya mbu, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini aliposema tupunguze mbu, wengi walimpinga: nani atawamaliza wote? Ross akashika kalamu, akaonyesha kwa milinganyo kwamba si lazima wafe wote. Wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa hukosa pa kuendelea.

Miaka ya 1950 George Macdonald akaiendeleza hesabu hiyo. Kimelea huhitaji takribani siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Basi piga hesabu nami: kama kila siku mbu 9 kati ya 10 wanaiona kesho, baada ya siku 10 katika kila 100 watabaki kama 35. Wakiiona kesho 8 tu kati ya 10, watabaki 11. Tofauti ndogo kwa siku moja, lakini mbu wa hatari wamepungua mara tatu. Ndiyo maana chandarua chenye dawa hakimlindi aliyelala ndani peke yake. Mbu anayekigusa leo akafa, hatafika kwa jirani wiki ijayo. (Wanaozungushia vyandarua mabanda ya kuku, aya hii waisome mara mbili.)

Tazama pia kadi ya kliniki ya mwanao. Mistari ile ya ukuaji ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya wanatakwimu kuchambua vipimo vya watoto wapatao 8,500 wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Na dawa mseto ya malaria, muuguzi hampi mtoto kabla ya kumpima uzito, kwa sababu kuna mtu aliyekokotoa mwili wa kilo ngapi unahitaji vidonge vingapi.

Watu wa fani hii hufanya kazi kwenye taasisi za utafiti kama Ifakara, au Kilifi kule Kenya, kwenye majaribio ya dawa na chanjo, na kwenye mipango ya wizara za afya. Sitawadanganya: tangazo la kazi lenye jina "mwanahisabati wa baiolojia" ni nadra. Wengi huitwa wanatakwimu au wachambuzi wa data, kazi nyingi ni za mikataba ya miradi, na shahada ya kwanza peke yake mara nyingi haitoshi. Wengi huanza na hisabati au takwimu, kisha uzamili, mathalani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nelson Mandela Arusha, au AIMS mjini Kigali. Kuandika programu za kompyuta hakukwepeki.

Kwa hiyo tahasusi ni jambo la kufikiriwa sasa. Anayesoma PCB hupata hisabati ya ziada tu, BAM, ambayo haimfikishi kwenye digrii ya hisabati. Kwa binti huyu ningechagua PCM. Baiolojia anaweza kuifuata baadaye. Hesabu ukiiacha miaka miwili, kuirudia ni kazi. Na nafasi ya kubadili tahasusi ikitangazwa, isiwapite.

Baba aliandika yote nyuma ya karatasi ya matokeo. Ndipo binti akafungua mdomo: "Na huko, hawachomi sindano?"

Nikamwambia hawachomi.