Vinara Watano wa Minyoo wa Baharini

Ukipasua samaki wa baharini ukakuta uzi mweupe umejikunja juu ya ini, usiudharau. Ni buu la mnyoo, na jamii yake ina vinara wa kustaajabisha.

Mwenye wenyeji wengi, yaani viumbe anaoishi ndani yao. Mabuu ya mnyoo aitwaye Anisakis yamepatikana katika aina zaidi ya 200 za samaki, mbali na ngisi. Siri yake ni kwamba samaki humezana: mdogo akiliwa, buu halifi, bali huhamia kwenye mwili wa aliyemla. Safari huishia tumboni mwa nyangumi au pomboo. Humo hukomaa na kutaga, na mayai hurudi baharini pamoja na kinyesi.

Aliyepokonywa taji. Mnyoo Philometra lateolabracis aliripotiwa kwa miaka mingi katika samaki wa aina nyingi, bahari mbalimbali. Wataalamu walipochunguza kwa makini waligundua kuwa jina hilo moja lilikuwa limebeba spishi nyingi, kila moja na samaki wake, na taji la wenyeji wengi likamtoka.

Wenye tofauti kubwa ya jinsia. Ni jamii hiyohiyo ya Philometra. Jike, mara nyingi mwekundu, hukaa katika viungo vya uzazi vya samaki kama chewa na kufikia sentimita nyingi. Dume huishia milimita chache tu.

Mrefu kuliko wote. Placentonema gigantissima, aliyeelezwa mwaka 1951, alitolewa kwenye kondo la nyuma la nyangumi mkubwa kuliko wote wenye meno. Urefu wake ulifika mita 8.4.

Aliyeongezeka kwa kasi. Utafiti wa wanasayansi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa Anisakis waliongezeka mara 283 kati ya 1978 na 2015. Huenda kupona kwa idadi ya nyangumi kumechangia.

Anisakis huyohuyo ndiye wa kuogopwa mezani. Uholanzi iliripoti wagonjwa wake mwaka 1960, waliokula heringi wa chumvi kidogo, na Japani, penye mapenzi ya samaki mbichi, inaongoza kwa wagonjwa. Buu likiwa hai hung'ata ukuta wa tumbo na kuleta maumivu makali.

Limau na siki havimuui mnyoo huyu. Pika samaki mpaka aive hadi ndani, angalau nyuzi 60 za Selsiasi. Ukitaka kumla mbichi, mgandishe kwanza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7.