Kilio cha Zau: Ubora na Kasoro za Mchezo wa Video Uliopewa Sauti ya Kiswahili

Utangulizi

Fasihi simulizi haijakoma kuhama makao. Ilitoka kwenye kikoa cha jioni ikaingia redioni, kisha runingani, na sasa imo ndani ya michezo ya video. Hata hivyo, sisi wanafunzi wa Kiswahili bado tunaitazama michezo hiyo kama kazi ya vijana wasio na shughuli. Katika vibanda vya michezo vya Malaba na Busia, vijana hulipa shilingi chache wakacheza kandanda ya mashine hadi giza liingie. Ni nadra kumwona mmoja wao akicheza hadithi, na ni nadra zaidi kumwona akicheza hadithi inayosimuliwa kwa lugha aijuayo.

Makala haya yanaujadili mchezo mmoja wa aina hiyo, Tales of Kenzera: ZAU, uliotolewa tarehe 23 Aprili 2024. Uliundwa na Surgent Studios ya Uingereza na kusambazwa na kampuni ya Electronic Arts. Mwasisi wa studio hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wachezaji wengi walimfahamu kwanza kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Salim ameeleza hadharani kwamba mchezo huu ulitokana na kifo cha baba yake. Mchezaji anaweza kuchagua kuwasikia wahusika wakisema Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba mchezo huu umefaulu kuipa huzuni lugha, lakini haukufaulu vivyo hivyo kuipa huzuni hiyo jamaa wa kuibeba.

Muhtasari wa hadithi

Mchezo umejengwa kwa mtindo wa hadithi ndani ya hadithi. Zuberi, kijana wa mji wa Amani katika zama zijazo, amefiwa na babaye na kuachiwa kitabu. Ndani ya kitabu mna Zau, mganga kijana aliyefiwa vilevile. Zau anamwita Kalunga, mungu wa kifo, na kuwekeana naye ahadi: akiwaleta kwake mizimu watatu wakuu, atarudishiwa baba. Anayeshika mashine huvaa uhusika wa Zau, akaruka magenge, akapigana na kusafiri nchi nzima ya Kenzera.

Ubora wake

Kwanza, maudhui yameshikana na umbo. Motifu ya safari na msako ni ya kale katika ngano zetu, lakini hapa hadhira haimsikilizi tu shujaa akisafiri, bali husafiri naye. Akianguka, umeanguka, akikataa kukubali kwamba baba hatarudi, ni vidole vyako vinavyomsukuma mbele katika ukaidi huo.

Pili, mna mizaha ya kiasi. Zau ni mwepesi wa hasira na mwepesi wa maneno, naye Kalunga, badala ya kuwa kitisho, ni mzee mpole anayemwonya na kumtania. Katika vituo fulani Zau huketi chini ya mbuyu akatafakari moyo wake, na baada ya hapo afya yake huongezeka. Jambo hili dogo lina falsafa: kusema huzuni ni tiba, wala si udhaifu.

Tatu, ni Kiswahili chenyewe. Katika michezo mingi mikubwa lugha yetu husikika, ikisikika, kama pambo la soko au kelele za askari. Hapa inabeba majuto, hasira na msamaha. Mchezo huu ulitunukiwa tuzo ya BAFTA mwaka 2025 katika kitengo cha michezo inayovuka mipaka ya burudani, na kwa maoni yetu ulistahili.

Kasoro zake

Kasoro ya kwanza ni ya utendaji. Zau ana vinyago viwili alivyorithi: cha jua humfaa kupigana kwa karibu, cha mwezi kurusha mapigo kutoka mbali. Silaha hizi hupendeza mwanzoni, lakini maadui ni wa aina chache na mapigano hujirudia. Aidha, mchezaji hana uwezo wa kubadili mkondo wa hadithi. Katika ngano ya kikwetu fanani husita, hadhira ikaitikia na kumchokoza. Hapa hadhira ina mikono lakini haina kinywa.

Kasoro ya pili inahusu asili ya mambo. Mchezo umetangazwa kuwa zao la ngano za Kibantu. Kalunga ni dhana ya Wakongo na majirani zao, na Impundulu, ndege wa radi, anajulikana kwa Wazulu na Waxhosa. Lakini GaGorib ametoka kwa Wakhoikhoi, na Kikiyaon ametoka Afrika Magharibi. Hao si Wabantu. Msomaji wa Chakol, ambako Mteso wa asili ya Kiniloti anapakana na jirani Mbantu, anajua kwamba "Bantu" ni jina la jamii ya lugha, si kapu la kutilia kila kilicho cha Kiafrika. Kuchanganya ngano ni haki ya msanii. Kuuita mchanganyiko kwa jina lisilo lake ni kosa.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito. Zau analia peke yake, na anayemfariji ni kifo chenyewe. Huku kwetu matanga hayamwachi mfiwa hivyo. Jirani huleta kuni, mwingine mahindi. Watu hukesha wakiimba, wakimkumbuka marehemu hata kwa vichekesho vyake. Mwandishi wa makala haya aliucheza mchezo huu mwaka mmoja baada ya kumzika baba yake. Aliguswa na mbuyu, lakini alijiuliza: shangazi wako wapi? Wajomba je? Na nani anapika chai?

Hitimisho

Kasoro hizi haziubatilishi mchezo, bali zinatuonyesha pengo letu. Salim alisimulia kifo cha baba yake kwa namna kifo hicho kilivyomjia. Hatuwezi kumdai asimulie matanga ya Chakol. Hiyo ni kazi yetu. Tunapendekeza idara za Kiswahili ziihesabu michezo ya video miongoni mwa matini za kuhakikiwa, na wanafunzi wa fasihi washirikiane na wenzao wa kompyuta kuandika miswada yake. Mtoto wa Malaba anayejua kuicheza timu ya Ulaya kwa ufundi ataweza pia kuicheza hadithi ya bibi yake, mradi awepo wa kuiandika. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mgeni amekwisha kufika, sasa ni zamu ya wenyeji.