Kadi za salamu za mkono: Thamani yake ni muda wa mtengenezaji

Na Mwandishi Wetu

DESEMBA 3, 1992, mhandisi kijana wa Uingereza, Neil Papworth, aliketi mbele ya kompyuta na kutuma ujumbe mfupi wa kwanza kwenda katika simu ya mkononi. Ulikuwa na maneno mawili tu, ya kumtakia mpokeaji heri ya Krismasi.

Kwa hiyo, ujumbe wa kwanza wa simu ulikuwa kadi ya salamu isiyo na karatasi. Tangu hapo salamu nyingi za Idi, Krismasi, Mwaka Mpya na siku za kuzaliwa zimehamia katika simu, na meza za kadi zilizokuwa zikipangwa kando ya barabara za miji yetu kila ifikapo Desemba zimepungua sana.

Hata hivyo, kadi ya karatasi haijatoweka. Nchini Tanzania, harusi bado ina kadi zake mbili, ya kuomba mchango na ya mwaliko, na zipo familia ambazo haziamini kuwa zimealikwa mpaka kadi ifike mkononi. Katika maduka ya sanaa ya Zanzibar, Arusha na Nairobi, wageni hununua kadi zilizopambwa kwa vipande vya maganda makavu ya mgomba. Kisumu nako, magugumaji yanayosumbua wavuvi wa Ziwa Victoria yamewahi kusindikwa kuwa karatasi na kadi.

Jambo la kujiuliza ni hili: kama salamu inaweza kufika kwa sekunde moja, kwa nini mtu aendelee kununua kadi iliyokatwa, ikagongwa muhuri na kubandikwa kwa mkono?

Jibu limo katika historia ya kadi yenyewe. Mwaka 1843, Henry Cole wa London alikabiliwa na barua nyingi za sikukuu kuliko alizoweza kujibu. Alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja, ikachapwa, kisha ikapakwa rangi kwa mkono. Kadi hiyo, ambayo huhesabiwa kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani, iliuzwa kwa shilingi moja ya Kiingereza, bei ambayo wakati huo haikuwa ndogo.

Kadi, basi, ilizaliwa ili kuokoa muda. Kazi hiyo leo simu inaifanya vizuri zaidi, na hakuna kadi itakayoishinda. Kilichobakia kwa kadi ni kinyume chake: mpokeaji anaithamini kwa sababu anaona kwamba mtu ametumia muda wake kwa ajili yake. Anayetengeneza kadi kwa mkono anauza muda, na kila hatua ya kazi yake, kuanzia kuchagua karatasi hadi kupanga bei, inafaa ipimwe kwa kipimo hicho.

Karatasi

Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Hiyo ni laini mno kwa kadi, haisimami mezani. Kadi huhitaji karatasi ya kati ya gramu 200 na 300, na manila nzito, inayopatikana katika maduka mengi ya vifaa vya shule na ofisi, hufaa kwa kuanzia.

Lakini unene si kila kitu. Karatasi inapotengenezwa kiwandani, nyuzinyuzi zake nyingi hulala kuelekea upande mmoja. Ukikunja kwa kufuata mwelekeo huo, mkunjo huwa mnyoofu na safi. Ukiukata mwelekeo huo, karatasi nene hupasuka mgongoni na kadi hujifungua yenyewe mezani. Wengi wanaoanza kazi hii hulaumu mkasi au mikono yao, kumbe kosa ni la mwelekeo wa nyuzi.

Kuutambua si kazi kubwa. Kata kipande kidogo cha mraba na ulowanishe upande mmoja kwa maji. Kitajiviringa mithili ya mkeka, na nyuzi zimelala sambamba na bomba linalotokea. Njia nyingine ni kuipinda karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaokubali bila ubishi ndio unaofuata nyuzi.

Hapa hesabu ndogo ina manufaa. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Mara nyingi nyuzi zake hulala kwa urefu. Ukiikunja katikati kupata kadi kubwa ya A5, mkunjo wako utazikata nyuzi hizo. Lakini ukiikata kwanza vipande viwili, kisha ukakunja kila kimoja katikati, utapata kadi mbili za A6, za milimita 105 kwa 148, na mkunjo wa kila moja utafuata nyuzi. Karatasi ile ile imetoa kadi mbili badala ya moja, nazo ni bora zaidi. Kadi ya A6 huingia vizuri katika bahasha ya C6, yenye milimita 114 kwa 162.

Kabla ya kukunja, mstari wa mkunjo uchorwe kwa rula na kalamu ya bik iliyokwisha wino, kwa kuikandamiza kiasi. Baada ya kukunja, mgongo wa kijiko upitishwe juu ya mkunjo mara moja. Kukata kufanyike kwa kisu chenye makali na rula ya chuma. Mkasi hauaminiki katika mstari mrefu.

Muhuri

Muhuri hauhitaji kununuliwa. Watoto wengi shuleni wamewahi kuchonga kiazi na kukichovya katika rangi. Kiazi hufaa kwa mchezo wa mchana mmoja, kwani hutoa maji yanayochuja rangi na baada ya muda mfupi hunywea. Kwa kazi ya kadi mia, ufutio mkubwa wa shule ni bora: ni laini kuchonga na hudumu.

Tatizo la kila anayechonga kwa mara ya kwanza ni kusahau kwamba muhuri huchapa kinyume. Neno “Hongera” lililochongwa kama linavyosomwa litatoka limegeuka. Kuna njia rahisi ya kuepuka kosa hilo. Andika au chora kwa penseli laini juu ya karatasi nyembamba, laza upande wenye penseli juu ya ufutio, kisha usugue kwa kucha mgongoni mwa karatasi. Mchoro utahamia kwenye ufutio ukiwa umekwisha kugeuka, nawe utachonga unachokiona. Kanuni hiyo haibadiliki hata kwa salamu za Idi zinazoandikwa kwa hati ya Kiarabu.

Katika kuchonga, kisu kiinamishwe kuelekea nje ya mstari, ili kitako cha herufi kiwe kipana kuliko uso wake. Mstari uliochongwa kuelekea ndani hubakia mwembamba chini, na baada ya kugongwa mara chache huvunjika.

Wino nao una tabia zake. Ule unaozama katika karatasi hukauka haraka, lakini rangi yake hupauka mapema ukikaa juani. Ule wenye rangi ya chembechembe hukaa juu ya karatasi, huchelewa kukauka, lakini hung'aa na kudumu. Kadi zilizogongwa kwa wino wa pili zitandazwe. Zikipangwa juu kwa juu kabla ya kukauka, kazi ya saa nzima huharibika kwa dakika moja.

Wakati wa kugonga, weka kurasa kadhaa za gazeti kuukuu chini ya kadi ili pawe na ulaini. Muhuri mkubwa usichovywe. Ni afadhali ulazwe chali na pedi ya wino ndiyo iguswe juu yake. Kisha bonyeza moja kwa moja na kuinua. Anayeutikisa muhuri akidhani anausaidia ndiye anayepata kingo zenye madoa.

Kitoboleo

Kitoboleo, au panchi kama kinavyoitwa maofisini, kinajulikana kwa kutoboa matundu ya faili. Vya kadi hukata maumbo: ua, jani, nyota, mwezi. Ndani yake kuna chuma chenye umbo na kingine chenye tundu la umbo hilo hilo, na nafasi kati yao ni ndogo sana. Ndiyo maana manila nzito hukikwamisha. Maumbo yakatwe katika karatasi nyepesi, kisha yabandikwe juu ya kadi.

Kitoboleo kishikwe kikiwa kimepinduliwa juu chini, ili anayekata aone mahali umbo litakapotoka. Kwa njia hiyo hata kipande kidogo kilichobakia hutumika. Kikianza kutafuna karatasi badala ya kukata, hutobolewa msasa laini mara chache, na makali hurudi kwa kiasi.

Wapo wanaopenda kutumia vipande vya khanga na vitenge vinavyobaki kwa mafundi cherehani, na ni pambo linalotutambulisha. Kitambaa kitupu, hata hivyo, hunaswa katika chuma. Kibandikwe kwanza juu ya karatasi nyepesi, kiachwe kikauke kabisa, ndipo kikatwe.

Ua la karatasi lililobandikwa tambarare halina uhai. Likilazwa juu ya kitambaa laini na kukandamizwa katikati kwa ncha butu ya kalamu, petali zake huinuka. Hapo gundi iwekwe katikati tu. Kadi ya namna hii lakini haivumilii kubanwa katika mfuko wa barua. Inafaa ile itakayopelekwa kwa mkono.

Kuhusu gundi, hapa panahitaji uangalifu kwa sababu ile ile ya nyuzi. Gundi nyeupe ina maji, na nyuzi zikinywa maji huvimba na karatasi hukunjamana. Itumike kidogo, isambazwe kwa kipande cha kadi, na kazi iwekwe chini ya vitabu vizito mpaka ikauke.

Hesabu ya muda

Mpaka hapo, mtu mwenye subira anaweza kutengeneza kadi nzuri. Wengi hushindwa siku wanapopata oda ya kwanza kubwa.

Tuchukue mfano. Mteja anataka kadi 100 za mwaliko, na mtengenezaji anaona kila moja itamchukua dakika 15. Hizo ni saa 25, yaani siku tatu za kazi za saa nane na saa moja juu yake. Kama vifaa vya kadi moja ni Sh 700 naye ameuza kwa Sh 1,000, atabaki na Sh 30,000, sawa na Sh 1,200 kwa kila saa.

Sasa tuseme kadi 10 zimeharibika, akalazimika kutengeneza nyingine. Vifaa vimeongezeka kwa Sh 7,000, na saa zimefika 27 na nusu. Pato limeshuka hadi Sh 23,000, chini ya Sh 840 kwa saa. Kadi kumi tu zimechukua karibu robo ya pato lake, na bado hajahesabu nauli ya kufuata karatasi wala umeme wa usiku.

Hivyo bei ipangwe baada ya kutengeneza kadi moja ya mfano kwa saa mkononi, na kiasi cha kuharibika kiingizwe tangu mwanzo. Kadi 100 za A6 zinahitaji karatasi 50 za A4. Anayenunua 55 hatarudi dukani usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi na kukuta rangi ile imekwisha.

Kazi yenyewe ifanywe kwa hatua. Kata zote kwanza, kisha kunja zote, kisha gonga zote, ndipo ubandike. Anayemaliza kadi moja kabla ya kuanza nyingine hupoteza muda mwingi katika kubadilisha vifaa, na mkono wake haupati mazoea.

Na kabla muhuri haujachongwa, mfano uonyeshwe kwa mteja, na majina, tarehe na saa visomwe kwa sauti na mtu mwingine asiyeandika. Jicho lililoandika halioni kosa lake. Jina la bwana harusi likikosewa herufi moja, hakuna ua wala utepe utakaoliokoa.

Mteja naye ana wajibu wake. Anayelalamika kwamba kadi ya mkono ni ghali kuliko ya mashine anasahau kwamba mashine haikukaa robo saa ikimfikiria mgeni wake. Akitaka wepesi, simu ipo mfukoni mwake na salamu itafika hata kabla hajamaliza kuuliza bei.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kipande cha manila, ufutio uliochongwa na robo saa ya mtu si utajiri. Lakini ujumbe wa sikukuu katika simu husukumwa chini na ujumbe unaofuata, ilhali kadi iliyokunjwa vizuri husimama juu ya kabati la sebuleni muda mrefu baada ya sherehe kwisha.