Medali ya Timu Huamuliwa na Mkimbiaji wa Nne

Hellen Obiri, mzaliwa wa Kisii, ni jina linalotajwa kwa fahari kote Kisii na Nyamira. Ni bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2017 na 2019, na ameshinda Boston Marathon mara mbili. Medali zake za timu, hata hivyo, hazizungumzwi sana. Inaniuma, kwa sababu ndizo zinazotufunza zaidi.

Machi 30, 2019, mjini Aarhus, Denmark, Obiri alishinda mbio za nyika za dunia katika njia iliyopanda hadi juu ya paa la nyasi la jumba la makumbusho la Moesgaard. Alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia ndani ya ukumbi, uwanjani na nyikani. Lakini dhahabu ya timu ilichukuliwa na Ethiopia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nafasi ya mkimbiaji ndiyo alama yake: wa kwanza 1, wa kumi 10. Kila nchi huhesabiwa wanne wake wa kwanza kufika, na yenye jumla ndogo hushinda. Ethiopia ilipata 21, Kenya 25, Uganda 36. Obiri alileta alama 1, wenzake watatu wakaleta 24. Waethiopia walikuwa wa pili na wa tatu, kwa hiyo wawili wao walikuwa na alama 5 tu. Hapa kuna jambo ambalo watazamaji wengi hawalioni: ukimpita mpinzani anayehesabiwa, unajipunguzia alama moja na papo hapo unamwongezea moja. Wakenya wawili wangefanya hivyo mara moja moja tu, Kenya na Ethiopia zingelingana.

Katika kuhesabu alama za timu, ulengaji wa sahani za udongo ni mkali zaidi. Wanawake watatu wa nchi moja hufyatua risasi kila mmoja kwa zamu yake, na tangu 2018 kila mmoja hulenga sahani 125 zinazorushwa hewani. Zamani zilikuwa 75. Zilizovunjwa hujumlishwa, kati ya 375. Nyikani timu huwa na hadi wakimbiaji sita, hivyo wawili wakilemewa hawahesabiwi. Kwa walengaji hakuna akiba hiyo.

Mbio za kupokezana vijiti nazo hazina akiba. Mei 2014, mjini Nassau, Mercy Cherono, Faith Kipyegon, Irene Jelagat na Obiri walishinda mita 1,500 mara nne kwa dakika 16:33.58, rekodi ya dunia wakati huo. Ni wastani wa takriban dakika 4:08 kwa kila mmoja, na hakuna aliyelegea.

Walimu wa michezo wa shule za Kisii na Nyamira, nawaomba: msichana wa kwanza akifika, msizime saa. Iacheni iendelee hadi wa nne avuke mstari, kisha andikeni pengo lao kwa sekunde. Katika mazoezi yanayofuata, pengo hilo ndilo la kupunguzwa kwanza.